Kidole cha Goodson

Goodson alikuja kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililowachanganya watu siku nzima. Mtu aliyeumwa na nyoka, wote tunajua, hubebwa mgongoni huku akilia, mguu umevimba hauingii kwenye suruali. Yeye alipanda kilima kutoka ufukweni jua linachomoza, ndoo yenye kifuniko mkononi, akabisha kwa Stéphanie na kudai uzi wake wa nailoni. Uzi kwanza. Alipokwisha kuupokea na kuutia mfukoni ndipo akataja, kama mtu anayetaja kwamba leo kuna mawingu, kuwa huyo nyoka ndani ya ndoo amemgusa kidogo, hapa, katikati ya kidole gumba na cha pili.

Stéphanie akaushika mkono, akautazama. Vitundu viwili, vidogo kama vya sindano. Hakuna uvimbe, hakuna weusi, hata maumivu Goodson alisema hasikii. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kumpa chai. Stéphanie alimgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama macho.

"Ilikuluma saa ngapi?" aliuliza.

"Mbele ya jua kutoka. Nilikuwa namutoa mu wavu." Goodson aliinua kidevu juu ili amwone vizuri, maana kope zilikuwa zimeanza kumshukia. "Ni usingizi tu, mama. Sikulala."

Haukuwa usingizi. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika Nchelenge yote aliyejua kitu gani kinazishusha kope zile, ni yeye, na kama kulikuwa na mtu mmoja wa kulaumiwa, ni yeye vilevile. Alimshika Goodson kwapani, akaanza kumkokota kuelekea zahanati, naye Goodson anacheka kwa aibu kuona anakokotwa na mwanamke mbele ya wachuuzi wa samaki.

Stéphanie Kyungu alikuwa mtu wa Lubumbashi, fundi wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye tangu utoto alipenda hesabu kuliko watu. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili kule Afrika Kusini kwa profesa mmoja aliyekuwa akitafuta kitu kinachoitwa kifuatiliaji. Jambo lenyewe si gumu kama jina lake. Juu ya kila msuli wa mwili kuna vipokezi, vijisehemu visivyoonekana, na neva ikitaka msuli ukaze hupeleka ujumbe wake pale. Kuna ugonjwa unaovila vipokezi hivyo kidogo kidogo: kope zinaanguka, chakula kinamshinda mtu kutafuna, sauti inakwisha. Daktari hana njia ya kuona mgonjwa amebakiwa na vingapi. Sasa, sumu ya swila wa maji, nyoka kama yule wa kwenye ndoo, huenda moja kwa moja kwenye vipokezi hivyo hivyo na kuvikalia, haikosei njia. Profesa alitaka kuchukua kipande cha sumu hiyo, akipunguze makali hadi kisiweze kumdhuru mtu, akifunge na iodini yenye mionzi, akiingize mwilini tone moja, kisha asimame nje na kamera ahesabu kinapong'aa. Penye mng'ao mwingi, vipokezi vipo. Penye giza, vimeliwa.

Na swila wa maji anaishi Ziwa Mweru. Ndiyo maana mwaka 1997 Stéphanie alipanga nyumba ya bati juu ya ufukwe, akaleta friji ya mafuta ya taa, akaanza kukamua nyoka na kukausha sumu yao ikawa unga wa manjano. Zamani wavuvi wakimkuta nyoka amejinasa wavuni walimponda kwa kasia, wakamtupa, wakaendelea na kazi. Stéphanie akatangaza ufukweni kwamba nyoka hai anapata robota la uzi wa wavu, nyoka mfu hapati kitu. Alijiona mjanja sana kwa tangazo lile. Wavuvi wakaacha kasia, wakajifunza kumfungua nyoka kwa vidole, polepole, wasimuumize.

Watu walisema mengi. Mwanamke wa Kongo, hana mume, anafuga nyoka ndani ya mabeseni na kuwavuta mate. Mahali pengine wangesema ni mwendawazimu. Huku Luapula, upande wa Zambia wa ziwa, wana jina la nyoka anayefugwa ndani ya nyumba: ilomba, mwenye kichwa cha tajiri wake, anayekula roho za jamaa mmoja mmoja ili tajiri anenepe. Stéphanie hakunenepa, na hilo lilimwokoa kidogo. Watu walipokea uzi wake na kupita mbali na dirisha lake.

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na tabibu mmoja aitwaye Lloyd, kijana mtulivu ambaye watu walimwita dokota na yeye hakuwakatalia. Gari lilikuwa limekwenda Mununga na chanjo, lisingerudi kabla ya kesho kutwa. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka huyu haikuwepo, wala si hapo tu, haijatengenezwa popote. Lloyd alikuwa na kichupa kimoja cha dawa ya kuamsha misuli, ile wanayomchoma mtu baada ya upasuaji. Akamchoma. Kwa nusu saa Goodson akafumbua macho, akaomba maji, akamwambia mkewe Mwila aende kuangalia samaki wasioze juani. Kisha dawa ikaisha, kope zikashuka, na maji aliyoyaomba yakamtoka puani kwa sababu koo lilikuwa limekataa kumeza.

Hapo Stéphanie akaogopa kweli. Akamwinamia Goodson sikioni, akamweleza bila kumficha. Akamwambia atashindwa kuongea, kisha kusogea, kisha kupumua, lakini akili itabaki nzima na masikio yatabaki yanasikia. Sumu imekalia vipokezi, haikuvivunja. Itashuka yenyewe. Wao watapumua kwa niaba yake mpaka ishuke. Na kwa sababu vidole vya mguu huchelewa kuliko vyote, wakapatana: akiulizwa jambo na jibu likiwa ndiyo, asogeze kidole gumba cha mguu wa kulia.

"Unanisikia, Goodson?"

Kidole kikasogea.

Saa tatu asubuhi kifua kilisimama. Lloyd alikuwa ameshaandaa ule mfuko wa mpira wa kupulizia hewa. Akamfunika Goodson pua na mdomo, akafinya, kifua kikapanda, akaachia, kikashuka. Stéphanie akauliza swali lile tena. Kidole kikasogea kidogo sana, kama mtu anayekusalimu hataki mwingine aone. Aliuliza tena baada ya dakika kumi. Hakikusogea.

Mwila, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kimya ukutani, akapiga yowe moja. Kwa ufukwe ule yowe moja linatosha. Kabla ya saa nne uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa wanawake wameketi chini miguu imenyooshwa, wanalia kilio cha msiba, na wanaume wamesimama makundi makundi wakiuliza nani ameenda kumwita mjomba.

Mjomba ndiye mwenye mtu. Kwa Wabemba baba ana heshima yake, lakini mtoto ni wa ukoo wa mama, na Rabson, kaka ya mama yake Goodson, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yake, akiwa hai au akiwa maiti. Alikuwa mzee wa kanisa, mtengeneza mitumbwi, mtu wa maneno machache. Aliingia na kofia mkononi. Alimtazama mpwa wake aliyelala macho yamefumba na midomo imelegea, akamtazama Lloyd anafinya mfuko, kifua kinapanda na kushuka kwa mkono wa mtu mwingine. Stéphanie aliona uso wake ukibadilika, na hakukuwa na hasira usoni pale. Mzee alikuwa anaogopa kama yeye.

"Mutu hapumui, huyo amekufa," Rabson alisema, bila kuacha lile neno la adabu la Kibemba, mukwai. "Mutupatie mutu wetu, mukwai. Munamufanya nini?"

Lloyd akampa mirija ya kusikilizia moyo, akamwekea masikioni. Rabson akasikiliza. Akasema ni mfuko ndio unaopiga. Lloyd akaacha kufinya, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, huku Stéphanie ameuma ngumi. Moyo ukaendelea kupiga na Rabson akausikia. Akavua mirija taratibu, akasema kwamba amesikia, hakatai. Lakini yeye amekata samaki tangu akiwa mtoto, na moyo wa samaki hupiga ndani ya beseni wakati kichwa kimekwisha kutupwa na minofu imo sufuriani. Je, samaki huyo ni mzima? Wanaume mlangoni wakaitika. Kila mmoja wao alikuwa ameuona moyo huo kwa macho yake.

Lloyd alikuwa amerudia kufinya. Hofu yao haikuwa ya kijinga: mwili wa mtu wao unapulizwa upepo na mwanamke anayefuga nyoka, na kila pumzi inayoingia hawajui ni ya nani. Wakimwacha mpaka kesho, watakayemzika atakuwa Goodson kweli?

"Mpaka lini?" Rabson aliuliza.

Stéphanie alikuwa na hesabu. Aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, kule kusini. Aliifunga sumu na iodini ya mionzi, akaiweka juu ya vipokezi vya msuli ndani ya bomba la kioo, akaosha, kisha akawa anapima kila saa mionzi iliyobaki. Mionzi ikipungua, maana yake sumu inaachia. Nusu yake iliachia ndani ya muda wa saa tisa. Na nusu ya vipokezi ikiwa huru, hata robo, mtu anapumua. Saa tisa tangu saa tatu asubuhi ni saa kumi na mbili jioni. Angeweza kusema kesho, lakini aliuona uso wa Rabson na akajua kesho haitakubaliwa. Tena, tuseme kweli, aliiamini hesabu ile kwa sababu ilikuwa yake.

"Munipe mpaka jua kuingia, papa," alisema. "Saa kumi na mbili atasogeza kidole. Kama hatasogeza, mumuchukue."

Rabson akakubali. Akatoka, akatuma watu wakatafute mbao.

Basi wakafinya. Finya, achia. Lloyd akichoka Stéphanie anashika mfuko, Stéphanie akichoka wanamwita Mwila, aliyejifunza upesi kuliko walivyodhani na aliyefinya huku macho yake yamekwama kwenye kifua cha mumewe. Kazi ile inaonekana ndogo. Baada ya saa moja vidole vinakakamaa, baada ya saa mbili hujui tena kama mkono ni wako, na huwezi kuacha hata ukapige chafya. Hewa iliingia tumboni, tumbo likajaa, Lloyd akalibonyeza. Nje walikuwa wanaimba nyimbo za msiba kwa Kibemba, na msumeno ulikuwa unakata mbao upande wa mwembe, na vyote viliingia dirishani vizuri sana. Stéphanie alijua vilikuwa vinaingia pia katika masikio ya Goodson. Kila mara akimwinamia anamwambia muda, anamwambia bado kidogo, anamwambia afanye juhudi ya kidole. Kidole kilikuwa kimekaa pale mwisho wa kitanda, kikubwa, kina ufa wa matope ya ziwani, kimya.

Saa nane mchana alikumbuka bomba la tatu.

Si kwamba alikuwa amelisahau. Alikuwa ameliweka mahali ambapo mtu huweka mambo asiyotaka kuyaona. Walifanya jaribio mara tatu. La kwanza sumu iliachia kwa saa nane na kitu, la pili saa tisa na kitu. La tatu lilitoa saa thelathini na moja. Profesa alitazama karatasi, akasema bomba hilo lilikuwa chafu, mambo hayo hutokea, tupa, akaandika tisa. Stéphanie ndiye aliyeosha mabomba yote kwa mkono wake na alijua hakuna lililokuwa chafu. Aliitikia kwa kichwa, kwa sababu tisa ilikuwa nzuri na thelathini na moja ilikuwa inaharibu kila kitu.

Sasa alisimama na mfuko mkononi, anaendelea kufinya. Hata hiyo tisa, ilipatikana katika kioo, katika maji safi yanayobadilishwa, na msuli wa panya. Katika mtu hakuna maji yanayobadilishwa. Sumu inayoachia hapa inazunguka na damu na kuvikalia vipokezi tena, na pale mkononi mwa Goodson, chini ya ngozi, kulikuwa bado na akiba inayovuja. Alifanya hesabu upya kichwani, finya, achia, na kila alivyoifanya ilitoka usiku wa manane, au alfajiri, au kesho mchana. Hakuna ilipotoka saa kumi na mbili. Akamwambia Lloyd kwa sauti ya chini. Lloyd akamtazama, akauliza kama anaweza kumweleza mzee. Stéphanie akauliza atamweleza nini: kwamba kuna bomba, na bomba lilitupwa?

Jua likashuka kuelekea Kongo, ziwa likawa jekundu, wanawake wakaacha kuimba. Rabson aliingia na wanaume wanne na blanketi jipya la kijivu. Hakuja kwa fujo. Alivua kofia kama mara ya kwanza, akasimama mguuni mwa kitanda.

"Saa imefika, mama," alisema. "Tumengoja vile tulisikilizana."

Wote wakatazama kidole. Stéphanie aliinama, akamwambia Goodson, kwa nguvu ili kila mtu asikie, asogeze kidole. Akangoja. Lloyd aliendelea kufinya. Kidole hakikusogea. Akamwambia tena, na hakikusogea, na mmoja wa wale wanaume akaanza kulikunjua blanketi.

Stéphanie alijua akisema ukweli Goodson atafunikwa blanketi lile, atatolewa mfuko puani, na atakufa kwa dakika tano huku anasikia kila kitu. Hakuwahi maishani kusema namba ambayo hakuiona.

"Kimesogea," alisema.

Rabson akainama mpaka pua ikakaribia mguu. "Mimi sikuona."

"Kimesogea, papa. Kidogo."

Mzee akamgeukia Lloyd, na Lloyd akatazama mfuko wake. Akawageukia wale wanaume wanne, nao hawakuona kitu. Akanyoosha mkono kulichukua blanketi.

"Mimi nimeona, tata," alisema Mwila kutoka ukutani, akimwita mzee baba kwa Kibemba. "Nimekiona. Kimesogea."

Rabson aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja kisha mwingine, muda mrefu. Sijui aliona nini. Pengine aliona uongo akaamua kuukubali, maana alimlea Goodson tangu meno ya kwanza. Alilichukua blanketi, akalitandika sakafuni kando ya ukuta, akaketi juu yake, akasema basi wangoje.

Usiku ule siusimulii. Ulikuwa kufinya na kuachia, hakuna zaidi. Saa mbili asubuhi Mwila ndiye aliyekuwa na zamu. Aliacha kufinya katikati, Stéphanie akaruka kutoka kwenye kiti akidhani amesinzia. Mwila akasema mfuko unavutwa. Kuna kitu ndani kinavuta. Lloyd akaweka mkono juu ya wa Mwila, akasubiri, akausikia mpira ukinywea wenyewe, kidogo, tena kidogo. Saa tano Goodson alifumbua macho. Machozi yalimtoka kabla hajaweza kusogeza midomo.

Nchelenge ilifanya sherehe kama ya Pasaka. Zile mbao zikawa meza. Rabson alimletea Stéphanie kapu la samaki wakavu, akamshukuru kwa mikono miwili, na hakumtazama machoni. Stéphanie aliponda nyoka wote waliobaki, akatangaza ufukweni kwamba hataki tena nyoka hai, warudi kwenye kasia. Akamwandikia profesa barua fupi: bomba la tatu halikuwa chafu, na kabla hawajamtia mtu yeyote kifuatiliaji chao mwilini, namba zote tatu ziandikwe. Jibu lilikuwa bado halijafika alipobisha Goodson, siku ya kumi.

Alikuwa amekonda na alichechemea. Hakuingia ndani, alikaa kizingitini mguu mmoja umenyooshwa, na hapo Stéphanie akaona kidole gumba cha mguu wa kulia kimefungwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko kwa mizunguko, umekazwa hasa. Ncha ya kidole ilikuwa ya zambarau, karibu nyeusi.

Stéphanie alimuuliza ameumia na nini. Goodson hakujibu hilo. Alianza kueleza, huku anatazama ziwa, kwamba alisikia yote. Alisikia nyimbo, alisikia msumeno, alisikia mjomba wake akiuliza urefu wa mbao. Hofu ilikuwa kubwa lakini ilikuwa hofu yake, alisema, ya mtu aliyefungiwa ndani na anajua yumo ndani. Siku nzima alikisukuma kile kidole kama mtu anayesukuma mtumbwi uliokwama kwenye matope. Kilikataa, yeye akazidi kusukuma.

"Kisha wewe mama ulisema kimesogea," alisema. "Na bibi yangu Mwila alisema ameona. Mimi sikukisogeza. Nilijua, vile mutu anajua mukono yake iko wapi. Nikajiuliza, sasa nani alikisogeza?"

Stéphanie aliketi chini kando yake.

Goodson akaendelea, polepole, bila kupandisha sauti. Hapo ndipo alipoacha kusukuma, alisema. Alifahamu kwamba mwili umepata mwenyeji mwingine. Aliporudiwa na nguvu watu walifurahi, na yeye alilia, wakadhani ni furaha. Tangu hapo anasubiri. Watoto hawapandishi mapajani. Usiku hulala ameketi, anakitazama kidole, na alikifunga ili huyo mwingine asiamke. Amemuuliza Mwila mara nyingi kama aliona kweli. Mwila huapa kwa Biblia kwamba aliona, na akiulizwa tena anamwomba asiulize, maana neno lile ndilo lililomrudisha, na likifutwa yeye hajui kitakachofuata.

"Hakikusogea, Goodson," alisema Stéphanie. "Mimi nilidanganya. Mwila vilevile, alinisaidia kudanganya. Kidole hakikusogea hata kidogo. Hakuna mutu mwingine mule ndani, ni wewe tu, toka asubuhi mpaka kesho yake."

Alikwenda ndani, akarudi na mkasi, akapiga magoti kizingitini, akaukata ule mpira mzunguko kwa mzunguko. Ngozi ilibaki na mifereji myeupe, na kidole kilikuwa baridi, na alipokibinya Goodson alisema hasikii kitu. Stéphanie akamwambia kitarudi, damu itarudi, akisogeze tu taratibu.

Goodson akakisogeza. Kilipanda, kikashuka. Lakini hakuwa anakisikia, na macho yake alikuwa ameyafumba kwa hofu.

"Kimesogea?" aliuliza.

"Kimesogea," alisema Stéphanie. "Nimekiona."

Goodson akafumbua macho, na hakukitazama kidole. Alimtazama yeye usoni, akamchunguza, kwa sababu sasa alijua kwamba mama huyu anaweza kusema ameona hata asipoona.